Ngao ya Chuma na Mkuki wa Waya

Tangu binadamu alipokata ngozi ya nyati akaifanya ngao, jirani yake alikaa chini akanoa mkuki wa kuipenya. Ngao ikiongezwa unene, mkuki huongezwa makali; mkuki ukiongezwa makali, ngao huachwa kuwa ngozi ikawa chuma. Mashindano hayo hayajapata kukoma, na sehemu kubwa ya historia ya silaha ni historia yake. Sisi tukaao Jericho, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tunaishi ndani ya jina linalotukumbusha jambo hilo kila siku. Yeriko ya kale ni mji unaokumbukwa kwa sababu ya ukuta wake, na zaidi kwa sababu ukuta huo ulianguka.

Katika insha hii nataka kuwaeleza vijana habari za mkuki mmoja wa zama zetu, yaani kombora liongozwalo, la kuvunjia vifaru, na hasa makombora ya namna hiyo yaliyoundwa Marekani. Huenda msomaji akauliza: silaha ya Wamarekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, nchi yetu iliinunua ili kujikinga, ikawekwa katika mji wetu huu. Pili, ilitumika siku moja katika nchi jirani, na kabla ya siku hiyo kwisha watu wa Nairobi walikuwa miongoni mwa waliokufa. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, ingawa silaha ilikuwa moja, na tofauti yake ndiyo funzo ninalolitafuta.

Kifaru tunachokisema hapa si mnyama wa porini, bali ni gari la vita lililovikwa deraya ya chuma, lenye mzinga juu yake na minyororo mahali pa magurudumu. Kilionekana vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walipokipeleka katika mapigano ya mto Somme, nchini Ufaransa. Vifaru vya siku hizo vilikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na vingi viliharibika njiani. Lakini risasi za bunduki zilivigonga zikaanguka kama mvua juu ya bati. Tangu siku hiyo askari wa miguu alipata adui asiyeweza kumjibu kwa bunduki yake.

Jibu lake lilipatikana katika Vita vya Pili vya Dunia, nalo lilitoka katika elimu ya baruti. Wataalamu walitambua ya kuwa baruti ikitengenezwa na tundu mbele, lenye umbo la faneli, na tundu hilo likatandikwa bamba jembamba la shaba, basi baruti ilipukapo shaba husukumwa mbele kwa mkazo mkubwa ikawa mchirizi mwembamba wendao kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Mchirizi huo haupenyi chuma kwa kukiyeyusha, kama wengi wadhanivyo, bali hukisukuma kando, kama maji ya mpira yasukumavyo udongo laini. Faida yake ni kwamba nguvu hiyo haitegemei mwendo wa kombora. Mzinga mkubwa hauhitajiki tena. Mtu mmoja aweza kulibeba begani bomba la kurushia. Ndivyo Wamarekani walivyofanya mwaka 1942 walipowapa askari wao silaha iliyoitwa bazooka. Hata hivyo shida moja ilibaki. Roketi ile ikishatoka haikuwa na wa kuigeuza, kwa hiyo ilimpasa askari amngoje adui hata afike karibu sana, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa karibu na mauti.

Swali basi likawa hili: kombora laweza kuongozwa likiwa angani? Wajerumani walikuwa wa kwanza kulishughulikia, wakaunda mwishoni mwa vita kombora dogo la X-7 lililoongozwa kwa waya. Lakini vita vilikwisha kabla halijapata nafasi. Wafaransa wakaichukua fikira hiyo wakaunda kombora la SS.10, lililoingia katika jeshi lao katikati ya miaka ya 1950. Wamarekani nao walianza kuunda la kwao, jina lake Dart. Kazi ilikwenda kwa taabu, na mwaka 1958 waliiacha, wakanunua makombora ya Wafaransa. Yafaa vijana walikumbuke jambo hilo, kwa kuwa wengi hudhani ya kuwa taifa tajiri halishindwi na kazi. Marekani ilishindwa, ikajifunza kwa mwingine, kisha ikaanza upya.

Ila kombora la Wafaransa lilikuwa na udhia wake. Mwenye kulirusha alishika kijiti kidogo mkononi, akalitazama kombora huku akimtazama adui, akalipeleka juu na chini, kulia na kushoto, mpaka lifike. Ilitaka mazoezi mengi na moyo mtulivu kabisa, navyo ni vitu viwili visivyopatikana kwa urahisi kwa mtu anayepigwa risasi. Hapo ndipo kampuni ya Hughes ya Marekani ilipoingia, ikaunda katika miaka ya 1960 kombora la TOW. Herufi hizo tatu zasimama mahali pa maneno haya: lirushwalo kutoka bombani, lifuatwalo kwa darubini, liongozwalo kwa waya. Liliingia katika jeshi la Marekani mwaka 1970.

Namna lilivyofanya kazi ni hivi. Mpigaji aliweka alama ya darubini yake juu ya kifaru, akafyatua. Kombora lilipotoka bombani lilifungua mabawa yake, na taa iliyokuwa mkiani ilionekana na mtambo uliokuwa pamoja na darubini. Mtambo ulipima ni kiasi gani kombora limekwenda kando ya mstari wa macho ya mpigaji, ukapeleka amri ya kulirudisha. Amri ilisafiri katika nyaya mbili nyembamba zilizokuwa zikifunguka nyuma ya kombora, kama uzi ufungukavyo mtoto arushapo tiara. Mpigaji hakuwa na kazi ya kuliendesha kombora tena. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutotoa jicho lake juu ya shabaha.

Tutazame vipimo vyake. TOW la kwanza lilikuwa na kipenyo cha milimita 152 na uzito wa kilo 19 hivi, na kichwa chake cha mlipuko kilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Liliweza kupenya chuma cha unene wa zaidi ya milimita 400. Masafa yake yalikuwa mita 3,000, kisha yakaongezwa kuwa mita 3,750. Mwanafunzi asiyeweza kuyaona masafa hayo kwa macho ya fikira na avipange viwanja 30 vya mpira, kila kimoja cha mita 100, mfano wa kiwanja chetu cha Camp Toyoyo, kimoja mbele ya kimoja. Mpigaji asimame katika goli la kiwanja cha kwanza, na kifaru katika goli la mwisho la kiwanja cha thelathini. Kombora likienda kwa wastani wa mita 200 kwa sekunde, litafika kwa sekunde 15. Kwa muda wote huo mpigaji alikuwa amefungwa na waya kwa tendo lake. Akiondoa jicho, kombora hupotea, akilikaza, hufika. Naomba msomaji azishike sekunde hizo 15, kwani tutazirudia.

TOW lilipata kutumika vitani mwezi wa Mei 1972 nchini Vietnam. Helikopta mbili za Wamarekani zilizotiwa makombora hayo zilivivunja vifaru vya jeshi la Vietnam ya Kaskazini karibu na mji wa Kontum. Mwaka uliofuata ulimwengu mzima ulitambua uzito wa jambo hilo. Mwezi wa Oktoba 1973 askari wa Misri walivuka Mfereji wa Suez wakiwa na makombora ya waya ya Kirusi, na askari wa miguu wakavivunja vifaru vingi vya Israeli jangwani Sinai. Mkuki ulikuwa umeipata ngao tena.

Lakini ngao hailali. Warusi na wengineo wakaviongezea vifaru deraya mpya, hata wakavibandika visanduku vya baruti ambavyo hulipuka vikiguswa ili kuuvuruga mchirizi wa shaba. Wamarekani wakajibu. TOW 2, la mwaka 1983, lilipewa kichwa kikubwa zaidi. TOW 2A, la mwaka 1987, lilitiwa vichwa viwili, kidogo mbele cha kukilipua kisanduku na kikubwa nyuma cha kukipenya chuma. TOW 2B, lililokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilifundishwa kupita juu ya kifaru na kukipiga utosini, mahali ambapo chuma chake ni chembamba. Pamoja na hayo yalikuwapo mengine. Kombora la Dragon, lililoingia jeshini katika miaka ya 1970, lilibebwa na askari mmoja, lakini halikuvuka mita 1,000. Kombora la Hellfire, la miaka ya 1980, liliundwa kwa ajili ya helikopta. Lina uzito wa kilo 45 na zaidi, huufuata mwale wa leza ulioelekezwa kwenye shabaha, na huweza kufika kilomita 7 au 8. Mwishowe, mwaka 1996, likaja Javelin. Kombora hilo pamoja na mtambo wake wa kulengea lina uzito wa kilo 22 hivi. Hulikumbuka umbo la joto la shabaha, hupanda juu na kushuka juu ya kifaru, na mwenye kulirusha aweza kuinama na kukimbia mara baada ya kulifyatua. Bei ya kombora moja la Javelin imezidi dola 100,000 za Marekani, hesabu ambayo mwalimu wa shule ya Kenya haipati kwa mshahara wa miaka kumi.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda, alidai ya kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda, hata kufikia kilomita 32 hivi kutoka Nairobi. Upande wa mashariki, Kenya ilikuwa imekwisha pigana vita vya mashifta kati ya mwaka 1963 na 1967 kwa ajili ya wilaya za kaskazini-mashariki, ambazo Somalia ilizitaka. Mwezi wa Julai 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden, nchini Ethiopia, likiwa na vifaru vilivyotoka Urusi. Vita hivyo vilikwisha Machi 1978 kwa Somalia kushindwa, lakini Wakenya waliviona vifaru vile, na hawakuweza kujiambia ya kuwa havitageuzwa kuelekea kwao.

Kwa sababu hizo serikali ya Kenya ilianza kununua silaha ambazo haikuwa nazo: vifaru vya Vickers kutoka Uingereza, ndege za F-5 kutoka Marekani, na kutoka huko huko Marekani helikopta ndogo za Hughes 500MD, ambazo baadhi yake zilichukua makombora ya TOW, mawili kila ubavu. Helikopta hizo zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na makao yake yakawa Embakasi. Fikirini mizani ile: upande mmoja kifaru cha Kirusi cha tani 36, upande wa pili helikopta isiyozidi tani moja na nusu hivi, iliyojificha nyuma ya kichuguu au miti ya migunga, ikiinuka kufyatua na kushuka tena. Kwa nchi changa yenye mpaka mrefu wa nyika kavu, yalikuwa mashauri ya busara. Mnyonge alipewa mkono mrefu.

Na vita vile vilivyoogopwa havikuja. Hakuna jeshi la vifaru lililovuka mpaka wetu. Sisemi kuwa makombora pekee ndiyo yaliyouzuia ugomvi huo, kwani Amin alikimbia mwaka 1979, Somalia ilidhoofika kwa vita vya Ogaden, na mazungumzo ya serikali yalifanya kazi yake. Lakini hapa twaona uso wa kwanza wa silaha hii: mkuki uliosimamishwa mlangoni, ambao mgeni mbaya aliuona kwa mbali.

Uso wa pili ulionekana Mogadishu. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwezi wa Januari 1991, na Somalia ikagawanyika mikononi mwa wakubwa wa vita. Njaa ikaua watu wengi. Umoja wa Mataifa ulipeleka majeshi ili chakula kifike. Tarehe 5 Juni 1993 askari 24 wa Pakistan waliokuwa katika jeshi hilo waliuawa, na lawama ikamwangukia Jenerali Mohamed Farah Aidid. Ndipo msako ulipoanza. Tarehe 12 Julai 1993, asubuhi, helikopta za Cobra za Wamarekani ziliizunguka nyumba moja katika mji huo zikairushia makombora 16 ya TOW pamoja na risasi nyingi za mizinga midogo. Wakubwa wa Umoja wa Mataifa walisema ya kuwa nyumba ile ilikuwa mahali pa watu wa Aidid pa kupangia vita. Wasomali wengi walisema ya kuwa waliokuwa ndani walikuwa wazee wa ukoo waliokutana kushauriana, na wengine kati yao walitaka amani. Aidid mwenyewe hakuwamo. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu ya wafu 20 hivi. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu 54.

Waandishi wa habari walikwenda mbio mahali pale ili ulimwengu uone kilichotendeka. Miongoni mwao walikuwapo watu watatu wa shirika la Reuters: Hos Maina, mpiga picha, na Anthony Macharia, fundi wa sauti, wote wawili Wakenya, pamoja nao Dan Eldon, mpiga picha wa miaka 22 aliyekulia Nairobi. Alikuwapo pia Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la Associated Press. Umati wa watu, wakiwa wamejaa hasira na uchungu wa maiti zao, uliwageukia wageni hao wasio na silaha ukawaua wote wanne. Hawakuwa wamerusha kombora lolote. Walikwenda na kamera, wakalipa deni la watu wengine.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kombora lililoundwa ili kukivunja chuma lilivunja nyumba.  Makombora yaliipata nyumba iliyolengwa. Darubini huweza kuwa safi, waya usikatike, na jicho la mpigaji lisitoke juu ya shabaha kwa muda wote wa sekunde zake. Lakini darubini huonyesha ukuta. Haionyeshi maneno yasemwayo nyuma ya ukuta. Kombora hufika linakoelekezwa, wala haliulizi kama waliolielekeza wanajua.

Matokeo yake yalikuwa marefu kuliko waya wa TOW. Tangu siku ile Wasomali wengi wa Mogadishu waliokuwa wakiwavumilia wageni waliwahesabu kuwa adui. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 yalitokea mapigano makali mjini humo. Wamarekani 18 waliuawa, na Wasomali mamia. Kufika mwezi wa Machi 1994 majeshi ya Marekani yalikuwa yamekwisha ondoka. Makombora 16 hayakuleta amani iliyotafutwa.

Na mashindano ya ngao na mkuki yaliendelea. Tarehe 1 Septemba 2014, nchini Somalia tena, makombora ya Hellfire yalitumika katika shambulio lililomwua Ahmed Godane, aliyekuwa kiongozi wa Al-Shabaab. Hellfire nalo liliundwa kwa ajili ya vifaru, na siku hiyo hapakuwa na kifaru. Mwaka 2022, Warusi walipoishambulia Ukraine, askari wa miguu wa Ukraine walivivunja vifaru vingi, na Javelin ilikuwa miongoni mwa silaha zao. Hapo kombora lilirudia kazi lililoundiwa, nayo ilikuwa kumpa anayeshambuliwa uwezo wa kumzuia mwenye nguvu.

Sasa tuzirudie zile sekunde 15. Wakati wa waya, mtu alikuwa na muda, ingawa mfupi, wa kuligeuza kombora aking'amua ya kuwa amekosea. Kombora la Javelin huenda peke yake, na mwenye kulirusha huku nyuma amekwisha kimbia. Kila hatua ya ufundi imeupeleka mkono mbali zaidi na jeraha linalofanywa na mkono huo. Sisemi hivyo ili kulaumu ufundi, maana askari aliyeokoka kwa sababu aliweza kukimbia ni mwana wa mtu. Nasema hivyo kwa kuwa hukumu ambayo zamani iliweza kutengenezwa njiani, sasa haina budi kukamilika kabla kidole hakijafyatua. Kadiri kombora linavyozidi kujiongoza, ndivyo mwenye kulituma apasavyo kuzidi kujua.

Wengine kati yenu, vijana, mtakuwa wahandisi, na huenda mkaunda mitambo ambayo sisi waalimu wenu hatuwezi kuiota. Wengine mtakuwa askari, wengine waandishi wa habari kama Maina na Macharia, na wengine mtaketi katika mabaraza ya kuamua fedha za nchi zinunue nini. Jifunzeni vipimo: uzito, masafa, kipenyo na unene wa chuma, kwani asiyevijua hudanganywa na muuzaji. Lakini mkisha vijua, ulizeni swali ambalo halikuandikwa katika kitabu cha mtambo wowote: nyuma ya ukuta huu yuko nani, nasi tumejuaje? Kuta za siku hizi huanguka kwa urahisi kuliko zile za Yeriko. Waliokuwa nyuma yake ndio wasioweza kusimamishwa tena.